Kibanda cha Kwanza

"Usikiguse kibanda changu!"

"Sijakigusa, wifi. Nimekipima."

"Kupima ndiko kugusa kwenyewe! Kila ulichokipima wewe mtaa huu kimebomolewa, kimehamishwa au kimepakwa rangi. Nitajie kimoja ulichokipima kikabaki kama kilivyokuwa."

"Kaka yako," alisema diwani. "Nilimpima suti ya harusi, na hadi leo yuko vilevile."

Kaka mtu, aliyekuwa amekaa kizingitini anafunga kamba za viatu, aliposikia ametajwa aliacha kiatu kimoja wazi akaingia ndani. Alikuwa fundi wa kuchomea vyuma, mtu wa maneno machache, na miaka ishirini na mitano ya kuwa na mke sebuleni na dada uani ilikuwa imemfundisha wakati wa kuondoka.

Wanawake wawili wakabaki njiani, kila mmoja mikono kiunoni. Kati yao kilisimama kibanda cha mbao na mabati, na juu ya mlango wake alama nyekundu ya X, ile ya vinavyobomolewa, rangi bado mbichi.

Kibanda kilikuwa cha dada mtu, mshonaji, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi bila kuongeza neno. Alikuwa ameshona humo miaka kumi na minne: sare za shule, magauni ya harusi, sketi za wanawake walionenepa na suruali za waume wao waliokonda. Cherehani ilikaa dirishani, meza ya kukatia nyuma yake, na benchi la wateja nje. Fundi hakuwa na mume, hakuwa na mtoto, hakuwa na shamba mahali popote. Alikuwa na kibanda.

Na huyo aliyekuja kukitia alama alikuwa mke wa kaka yake, diwani wa kata kwa muhula wa nne. Watu walimwita Mama Futi, kwa kuwa hakuwahi kuonekana bila futi ya kupimia mkobani.

"Mita mbili na sentimita arobaini," alisema Mama Futi akiviringisha futi yake. "Gari la zimamoto lina upana wa mita mbili na nusu. Haliingii, wifi. Na siku ile halikuingia."

"Halikuingia kwa sababu dereva hajui kazi! Njia ni pana. Nimeipima mwenyewe. Mita tatu na sentimita kumi."

"Umepimia wapi?"

"Hapo."

"Hapo wapi?"

"Hapo kwa kinyozi."

Mama Futi aligeuka akatazama kwa kinyozi, hatua kumi mbele, pale njia inapotanuka. Hakucheka. Hilo lilimuudhi Fundi kuliko kama angecheka.

Habari ya dereva asiyejua kazi mtaa uliipata kwa mdomo wa Fundi. Miezi miwili nyuma, saa nne asubuhi, moto ulizuka mwisho wa njia. Gari la zimamoto lilifika upesi kuliko mtu yeyote alivyotegemea, likakwama mdomoni mwa njia, likarudi nyuma, likakwama tena. Vyumba vitatu viliteketea. Hakufa mtu, lakini msusi mwenye kibanda njia hiyohiyo, aliyekuwa akiishi chumba cha katikati, alirudi ndani kumtoa mama yake, akaungua mikono yote miwili. Tangu siku hiyo hakuwa amesuka kichwa cha mtu.

Fundi alikuwa dirishani pake siku hiyo, hatua mbili kutoka kwenye gari. Aliona kila kitu. Alisimulia karibu kila kitu.

"Leo saa nane baraza lenu linakaa," alisema sasa, akachomoa karatasi kifuani. "Nina sahihi arobaini na moja za wenye vibanda. Nakuja kukupinga mbele ya meya wako na mbele ya watu wote."

"Njoo. Hebu nione hiyo karatasi."

Fundi alisita, kisha akampa, kama mtu anayemkabidhi mwizi ufunguo ili amwonyeshe kuwa hamwogopi. Mama Futi aliisoma akiwa wima, midomo ameibana.

"Watakurudishia."

"Nani atanirudishia? Kwa lipi?"

"Haina namba za vibanda. Kanuni inasema pingamizi la mali lazima lionyeshe namba ya kila mali. Karani akitupa jicho moja tu atakuambia uje mkutano ujao, na mkutano ujao hapa patakuwa pameshavunjwa. Una kalamu?"

Akaketi kwenye benchi la wateja, akaiweka karatasi juu ya paja, akaanza kuandika. Fundi alisimama kichwani pake, tayari kumnyang'anya akiona ujanja wowote.

"Kinyozi, sabini na mbili," Mama Futi alinong'ona huku akiandika. "Muuza viatu, sabini na tatu, lakini ana na kile cha nyuma, kwa hiyo na sabini na nne. Mama wa maandazi, themanini. Anayemfuata alihama Machi, sasa ni tisini na moja."

Hakutazama mlango wowote. Hakuuliza hata mara moja. Aliandika namba baada ya namba kutoka kichwani, kama mtu anayehesabu watoto wake. Fundi aliyejua namba ya kibanda kimoja tu, chake, alisahau kufunga mdomo.

"Kwa nini unanisaidia?"

"Sikusaidii. Pingamizi bovu likishindwa, watu watasema wameonewa, na watakuwa wanasema kweli. Lako liende likiwa zima. Likinishinda, basi nimekosea, na ni afadhali nijue." Kalamu ilisimama kwenye mstari wa mwisho. "Hii sahihi ya msusi ni mwandiko wako."

"Aliniambia nimwandikie. Mikono yake…"

"Naijua mikono yake," alisema Mama Futi. Akaandika namba, themanini na sita, akarudisha karatasi na kuondoka, mkoba begani, mwendo wake uleule wa mtu aliyechelewa basi.

*

Saa saba Fundi alifunga kibanda, akavaa gauni lake la heshima, akashika njia kwa miguu. Ukumbi wa baraza ulikuwa mwendo wa nusu saa, na alitaka nusu saa hiyo ya kupanga maneno. Lakini hakupanga hata neno moja, kwa sababu kila alipokanyaga alikutana na wifi yake.

Alianza kukutana naye palepale mdomoni mwa njia, kwenye bomba la maji. Wanawake watano na ndoo zao, soga zimenoga. Fundi alikumbuka mwaka bomba lilipoletwa. Mama Futi alikuwa ametoka kuwa mfagiaji wa jiji wakati ule, ndiyo kwanza amechaguliwa diwani, na watu wa idara ya maji walikuwa wamesema mtaa hauhitaji bomba kwa kuwa la zamani lilikuwa mita mia nne tu. Basi bibi huyu alikuja kwenye droo ya Fundi, akachukua futi ya kitambaa, ile ya mita moja na nusu, akaenda kwenye bomba la zamani, akapiga magoti. Alipima mita moja na nusu, akachora mstari kwa chaki, akapima nyingine. Alikwenda hivyo siku mbili, kwenye jua, hadi mlango wa mwisho. Watu walimcheka. Fundi alicheka kuwashinda wote, maana ilikuwa futi yake. Siku ya tatu Mama Futi alisimama barazani na kusema, "Mita elfu moja na mia moja na sita. Anayebisha, magoti yangu haya hapa, yametoka damu." Hakubisha mtu. Bomba likaja.

Fundi alipita sokoni. Humo ndani, nyuma ya wauza nyanya, palikuwa na chumba cha watoto chenye mikeka na walezi wawili wanaolipwa na jiji, na mama aliyetoka kuuza aliweza kwenda kunyonyesha kisha akarudi mezani pake. Kilipofunguliwa, Fundi alisema ni anasa. Kisha akashona mapazia yake, na siku ya kuyatundika alikuta watoto thelathini na wawili wamelala usingizi mzito saa tano asubuhi, huku soko likinguruma nje ya dirisha. Alitundika mapazia kwa kunyata. Hakumwambia wifi yake kitu.

Mbele ya soko kulikuwa na zahanati. Hapo Fundi hakuweza kujizuia, akatabasamu njiani peke yake kama mwehu. Zamani vitanda vya kujifungulia vilikuwa virefu mno kwenda juu. Wanawake wenye uchungu walikuwa wanavipanda kwa kusukumwa, na wawili walikuwa wameanguka. Mama Futi alipima kitanda: sentimita tisini na nne. Akamwagiza mumewe atengeneze sanduku la chuma la urefu huohuo, akalipeleka barazani kwa mkokoteni, akaliweka katikati ya ukumbi. "Waheshimiwa," alisema, "naomba kila mmoja alipande. Wenye matumbo waanze." Meya wa wakati ule, mwanamume mwenye kitambi cha kutosha, alijaribu mara tatu. Mara ya tatu suruali ilipasuka. Fundi ndiye aliyeishona suruali hiyo, jioni yake, na meya alimwambia akiwa amejifunga taulo, "Wifi yako ni mtu hatari sana." Vitanda vilibadilishwa kabla ya mwezi kuisha, na hakuna mjamzito aliyeanguka tena.

Kwenye ngazi za ukumbi wafagiaji walikuwa wamepumzika. Wote walivaa buti na glavu, na wote walikuwa na kadi za ajira ya kudumu shingoni. Fundi aliwakumbuka wa zamani, walioajiriwa kwa siku na kufagia kwa kandambili. Mmojawapo alikuwa wifi yake. Alifagia ngazi hizihizi miaka sita kabla ya kuzipanda kama mheshimiwa. Siku yake ya kwanza ukumbini diwani mmoja alimwambia alete chai, isiwe na sukari. Akaileta, akaiweka mbele yake, akavuta kiti cha pembeni yake, akakaa. "Kunywa upesi," alimwambia. "Hoja ya kwanza ni yangu."

Fundi alikuwa ameisimulia hadithi hiyo mara nyingi kwa ajili ya kicheko. Leo, akiwa chini ya ngazi na karatasi yake ya kumpinga mwanamke huyo, hakuona cha kuchekesha. Aliona mtu mmoja na futi ya kitambaa, na jiji zima lililokuwa limekubali kupimwa upya.

Akajikaza, akapanda.

*

"Umekuja kwa dakika tano?" aliuliza mlinzi wa mlango.

"Ndiyo."

"Kaa mstari wa mbele. Zamani wananchi walikuwa wanakaa nyuma ya nguzo ile, hawaoni hawasikii. Mama Futi alipima akakuta viti kumi na viwili havimwoni meya kabisa." Mlinzi alisema kwa fahari, kama aliyepima ni yeye.

Hata hizo dakika tano zilikuwa kazi ya wifi yake. Alizigombania miaka mitatu: mwananchi yeyote mwenye pingamizi asimame, aseme dakika tano, asikatizwe. Mara ya kwanza alipata kura mbili, na moja ilikuwa yake.

Mstari wa mbele alikuwepo msusi, mikono imefungwa bandeji nyeupe, imelala mapajani kama vifurushi vya mtu mwingine.

"Nimekuja kukushika mkono, Fundi," alisema. "Mkono wenyewe ndio huu."

Wakacheka wote wawili, msusi kwa sauti, Fundi kwa meno tu.

Meya aligonga meza. Mama Futi akasimama. Hakuwa na karatasi.

"Mheshimiwa Meya, naomba baraza lipanue njia yetu ifikie mita nne, gari la zimamoto lipite. Lakini kabla sijaeleza kwa nini, nataka kueleza nani aliyeibana. Ni mimi."

Diwani mmoja aliyekuwa akisoma simu aliinua kichwa.

"Miaka kumi na tisa iliyopita nilileta bomba pale. Mhandisi alinishauri niliweke uwanja wa nyuma. Nilikataa. Nilitaka liwe mdomoni mwa njia, lionekane barabarani, kila apitaye aseme, lile la diwani mpya. Nilitaka sifa. Watu wakaja kuteka maji, wauzaji wakafuata watu, vibanda vikafuata wauzaji. Nilipima umbali wa maji hadi sentimita ya mwisho, na upana wa njia sikuupima. Kwa hiyo hawa wenye vibanda hawakuvamia barabara. Mimi ndiye niliyewaita. Vyumba vitatu vimeungua na mtu ameumia kwa kosa langu la mwanzo, nami naomba mnisaidie kulirekebisha."

Akakaa.

Kwa upande wa pili aliinuka diwani aliyeitwa Mheshimiwa Tai, kwa sababu ya tai zake, ambazo hazikuwahi kufanana na shati hata siku moja. Alikuwa amengojea nafasi kama hii muda mrefu.

"Karani, umeandika? 'Diwani amekiri kosa.' Andika kwa herufi kubwa."

"Andika," alisema Mama Futi. "Na tarehe."

Karani wa baraza, mama mwenye miwani aliyeandika kumbukumbu za vikao kwa miaka thelathini, aliinua kalamu hewani. "Mheshimiwa, samahani. Sentensi hii sijawahi kuiandika humu ndani. Naiandikaje?"

"Kama nilivyoisema."

Kalamu ikashuka. Fundi alikuwa amejiandaa kwa mwanasiasa. Alikuwa na majibu ya mwanasiasa, arobaini na moja, kila moja na namba yake.

"Na kibanda cha kwanza kuvunjwa ni cha nani?" Mheshimiwa Tai hakutosheka. "Nasikia kina udugu."

"Ni cha wifi yangu. Huyo hapo mbele, amekuja kunipinga. Naomba apewe dakika zake na asikatizwe, hata nami."

Fundi alisimama. Mlinzi aligeuza saa ya meza.

"Waheshimiwa, mimi ni mshonaji. Natetea wenye vibanda arobaini na mmoja. Njia yetu haina ubaya. Njia yetu ina mita tatu na…"

Akasita.

"Endelea, mama, usiogope," alisema Mheshimiwa Tai, na akamtabasamia. Lilikuwa tabasamu la mtu anayefungua mlango ili mwingine apitishe mzigo wa wizi. Fundi aligeuza macho haraka, yakaangukia kwa wifi yake.

Mama Futi alikuwa amefungua daftari lake. Kalamu ilikuwa imegusa karatasi, kichwa ameinamisha kidogo, anangoja namba. Alikuwa anajua kipimo. Alikuwa amekipima asubuhi hiyohiyo. Lakini angeandika chochote ambacho Fundi angesema, kwa sababu Fundi ni fundi, mtu wa futi, na kwa mwanamke yule neno la mtu wa futi lilikuwa na uzito. Katika maisha yake yote Fundi hakuwahi kuheshimiwa hivyo. Ilimuuma kama sindano chini ya ukucha.

"Mita mbili," alisema, "na sentimita arobaini."

Minong'ono.

"Zile tatu na kumi nilipimia kwa kinyozi."

Watu wa nyuma waliangua kicheko. Fundi aliwangoja wamalize.

"Na dereva wa zimamoto anajua kazi yake. Niliwadanganya. Kioo cha gari kiligonga nguzo ya kibanda changu, akarudi nyuma, akajaribu tena, kikagonga tena. Akashuka, akaniuliza, 'Mama, hii nguzo inang'oka?' Nikamwambia haing'oki. Niliichimbia mwenyewe. Haifiki hata nusu mita chini. Inang'oka. Lakini nilikuwa na gauni la harusi mezani, na nikafikiri moto ni mdogo, watauzima kwa ndoo."

Hakutazama upande wa msusi. Shingo ilikataa.

"Na sahihi ya arobaini na moja niliiandika mimi. Mwenyewe alinituma, lakini alikuwa hajui haya. Naomba ifutwe."

"Dakika mbili zimebaki," alisema mlinzi kwa sauti ya chini.

"Zinatosha." Hapo sauti yake ilirudi, ile ya kugombana na wateja wanaopunguza bei. "Pingamizi la wale wengine liko palepale. Siliondoi. Diwani amesema aliwaita, basi asiwafukuze. Nyuma ya maktaba jiji lina uwanja umejaa magari mabovu, hata mbuzi hawapiti. Ondoeni vyuma vyenu, wapeni watu wale vibanda humo, ndipo mvunje. Kwanza uwanja, halafu nyundo. Kibanda changu kitoeni kwenye orodha."

"Aha!" Mheshimiwa Tai alipiga meza. "Kisivunjwe!"

"Kitoeni kwa sababu ninyi mtachelewa."

Mama Futi alikuwa ameshasimama. "Mheshimiwa Meya, mtoa hoja anayapokea marekebisho ya mwananchi, neno kwa neno. Uwanja kwanza. Ni bora kuliko nilivyoandika mimi." Alilisema wazi mbele ya wote, bila kung'ata neno, kama anayetaja hali ya hewa. Karani aliandika na hilo pia.

Meya akaomba mikono iinuliwe. Fundi hakukaa. Alichukua mkoba wake, na alipopita karibu na kiti cha wifi yake alivutwa kwenye mkono wa gauni.

"Unakwenda wapi? Bado hawajahesabu."

"Nakwenda kwangu. Cherehani itahamia sebuleni kwako, na kelele zake zote."

Mama Futi alifikiri kidogo. "Sebule ni mita tatu kwa nne. Itaenea. Lakini kochi la kaka yako ndilo litatoka."

"Atalia."

"Alie."

*

Kwenye ngazi alisikia viatu nyuma yake. Alijua ni nani, akasimama, akageuka. Msusi alikuwa ameinua mikono yake juu, mbele ya kifua, kama alivyofundishwa na daktari.

"Nilikuamini, Fundi."

"Najua."

"Kila mtu aliyeniuliza nilimwambia ni dereva. Nilimtukana yule kijana hospitali alipokuja kunitazama. Alikuja na machungwa, nikamtukana."

Fundi alitaka kusema samahani, akaliona neno lenyewe ni dogo, halifuniki hata kidole kimoja kati ya vile kumi.

"Nitukane na mimi," alisema mwisho.

"Nitakutukana. Usifikiri nimesahau." Msusi alianza kushuka ngazi, akampita. "Lakini leo nataka kuiona hiyo nguzo."

Walipita zahanati, soko, bomba. Wanawake wenye ndoo waliwasalimia, na wakaitikia kila mmoja kivyake.

Njiani jua lilikuwa bado kali. Fundi alifungua kibanda, akatoa cherehani kwanza, akaibeba mwenyewe hadi sebuleni. Akarudi akatoa vitambaa, mkasi, pasi, kisha meza ya kukatia, ambayo haikupita mlangoni hadi alipoilaza ubavu. Kaka mtu alitoka nyumbani, akatazama meza, akamtazama dada yake, akamtazama msusi aliyesimama katikati ya njia. Akaingia ndani, akatoka na mtaimbo.

Kinyozi alitoka kwake na kitana mkononi, mteja wake nyuma yake na nusu ya kichwa kimenyolewa.

"Vipi, wamepitisha?"

"Bado wanahesabu mikono," alisema Fundi.

"Sasa haraka ya nini? Si ungesubiri barua?"

Fundi alipanga miguu, akauchomeka mtaimbo chini ya nguzo ya mbele, ile yenye mkwaruzo wa kioo cha gari juu kidogo ya kichwa. Kaka yake alinyoosha mkono kusaidia. Fundi akauondoa. Aliulalia mtaimbo kwa uzito wake wote.

Nguzo ilitoka mara moja, kama jino la mtoto. Bati la mbele liliinama, likalia, likashuka lote njiani na vumbi lake. Msusi hakurudi nyuma hata hatua moja. Fundi alikamata bati pembeni, akaanza kulivuta.